Dodoso Namba Nne

Soweto, Mbeya
14 Januari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani, na mguu wako umekuhurumia kidogo na baridi ya mvua hizi. Sisi huku ni wazima. Mama yuko Tukuyu kwa bibi, anavuna viazi na kulalamika kwamba hakuna anayemsaidia, ingawa aliyekwenda kumsaidia juzi alifukuzwa kwa kuchimba vibaya. Mimi bado niko kwenye chumba kilekile hapa Soweto. Mwenye nyumba bado anafunga maji kila tukimuudhi, na tunamuudhi sana.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu najua simu yako inashinda dukani kwa Ezekia ikichajiwa, na kila anayeingia kununua chumvi huipokea na kuanza kunihoji nitaolewa lini.

Sasa neno lenyewe. Niko mwaka wa mwisho na lazima nifanye utafiti wa soko. Wenzangu wamechagua vinywaji, simu, vipodozi. Mimi nimechagua mboga za kilimo hai, na msimamizi wangu alipouliza kwa nini, nilimwambia nina shangazi Kalenga ambaye hajawahi kuruhusu dawa ya kiwandani iguse bustani yake. Alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Kwa hiyo nitawauliza wateja wa huku kama wanazitaka mboga hizo, na nitawauliza wakulima wa huko wanazilimaje. Wakulima wenyewe ni ninyi, kikundi chenu cha Udongo Hai.

Ndani ya bahasha hii kuna madodoso saba, moja kwa kila mwanachama. Hayana majina, yana namba tu, moja mpaka saba. Mwalimu wangu anataka karatasi zilizojazwa na mkulima mwenyewe, hataki kusikia habari ya kupiga simu. Tafadhali waambie wajibu ukweli, hata kama ukweli haupendezi. Juu kabisa nimeandika kwamba majibu ni siri. Siri maana yake siri, Shangazi. Atakayejua nani amejibu nini ni mimi peke yangu.

Yotamu, kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha kwa Ezekia. Umrudishie yeye mkimaliza.

Nisalimie Mama Benedicta, mwambie nakumbuka magimbi yake.

Mwanao,
Happy


Kalenga, Iringa
6 Februari 2024

Mwanangu Happy,

Kamwene. Na marahaba pia, maana najua mama yako alikufundisha salamu za kwao tu, lakini mimi nitakusalimia Kihehe mpaka siku utakapoitikia bila kubabaika. Sisi wazima. Mvua ni nyingi, Ruaha Mdogo umejaa, mbuzi wangu mwekundu amezaa mapacha na mmoja anachechemea kama mimi. Ezekia anasema anayepokea simu yangu si yeye. Usimwamini.

Benedicta amepata mjukuu wa nane. Jackline, binti yake mkubwa aliyeolewa kule Ubaruku kwenye mpunga, amejifungua mtoto wa kiume. Benedicta amekuwa haongei kingine. Nakumbusha tu, kwa ajili ya utafiti wako, kwamba huyu si jirani tu. Tulipata kipaimara siku moja, tuliolewa mwaka mmoja, na alipofiwa na mume nililala nyumbani kwake siku arobaini. Bustani yake na yangu hazina hata uzio katikati. Hicho kikundi unachokiandikia utafiti tulikianzisha sisi wawili, tukala kiapo kwamba hatupulizi dawa ya kiwandani, na wenzetu watano wakaja baadaye.

Madodoso yako yamefika. Mwanangu, nani aliwafundisha adabu huko chuoni? Karatasi inauliza umri, halafu elimu, halafu kama mtu ni mjane, kabla hata ya kuuliza ameamkaje! Mama mmoja aliisukuma pembeni akasema hajibu polisi. Ilibidi nisimame. Niliwaambia, "Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu Didas. Mkimwambia yeye, mmeniambia mimi." Basi wakakubali, kwa heshima yangu. Nataka ulijue hilo. Hawakukujibu wewe, wamenijibu mimi.

Tulijaza siku ya mgowe, tulipokuwa tumemaliza kupalilia shamba la mwenzetu mmoja na uji umeshushwa. Mgowe kwetu ndio kila kitu. Leo saba tunalima kwako, kesho saba kwangu. Anayetoka kwenye kikundi hatoki kwenye orodha tu, anatoka kwenye mgowe, na mwanamke wa peke yake hapa hawezi kushindana na magugu. Hilo uliandike vizuri.

Benedicta hana tena macho ya maandishi madogo, kwa hiyo karatasi yake, namba nne, nilimsomea mimi na kuandika mimi. Lile swali la kumi na nne, "Je, umewahi kutumia dawa ya kiwandani katika miaka mitatu iliyopita?", alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mimi hata mafua siyanywei dawa, sembuse nyanya?" Nikaandika hapana.

Sasa soma hapa ukiwa peke yako. Karatasi namba moja ni yangu. Kwenye swali hilohilo nimeandika ndiyo. Mwaka jana kanitangaze aliingia kwenye nyanya zangu. Wewe huko mjini humjui kanitangaze, ni funza mdogo anayemaliza shamba zima ukimtazama. Nilimwagia majivu, nikamwagia maji ya majani ya utupa niliyotwanga mpaka viganja vikachubuka. Hakusikia. Siku wenzangu walipokwenda Tosamaganga kumzika katekista, nilisema mguu unaniuma nikabaki. Mguu ulikuwa mzima. Nilikodi bomba la mgongoni kwa mtu wa kijiji cha pili, nikapuliza mistari yote ya nyanya.

Tangu siku ile sijamwambia mtu. Hata kwenye kitubio nililizunguka jambo hili. Karatasi yako ndiyo imenitoa neno, labda kwa sababu haina jina. Ipo siku nitasimama mbele ya wenzangu niliseme mwenyewe. Siyo sasa. Wewe liache lilivyo kwenye karatasi yako na usimwambie mtu.

Kula vizuri.

Shangazi yako,
Veneranda


Soweto, Mbeya
9 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kamwene. Umeona? Sijababaika.

Madodoso yote saba yamenifikia pamoja na magimbi. Mwambie Mama Benedicta sikumgawia mtu. Mama bado yuko Tukuyu, viazi vimeisha, sasa anagombana na migomba.

Utafiti wa upande wa wateja umenichekesha na kunichosha. Nimekaa wiki tatu sokoni karibu na meza ya dada mmoja anaitwa Bibie, muuza mboga, nikiwauliza wanunuzi. Karibu wote wanasema wanataka mboga isiyo na dawa, tena wako tayari kulipa zaidi. Mama mmoja alinielezea kwa dakika kumi kwamba chainizi yenye matundu ndiyo salama, kwa sababu mdudu ameionja kwanza na hakufa. Alipomaliza kunielimisha akapekua fungu zima la Bibie akachukua lile lisilo na tundu hata moja. Niliandika yote mawili, alilosema na alilonunua. Msimamizi wangu amesema huo ndio utafiti.

Habari kubwa ni hii. Kuna mfanyabiashara anaitwa Obeid, ana duka la mboga na matunda ya kilimo hai hapa mjini. Mwalimu alimwonyesha sehemu ya kazi yangu na akanipigia simu mwenyewe. Anatafuta kikundi kimoja cha kuaminika cha kumletea mboga kila wiki, mwaka mzima. Nikamtajia ninyi. Shangazi, alifurahi kuliko mimi. Atakuja Kalenga mwezi wa tano, na atakuja na ripoti yangu mkononi. Jiandaeni vizuri.

Kuhusu lile swali la kumi na nne, nimeliona. Usiwe na wasiwasi kabisa. Nimelishughulikia.

Nakuombea mguu.

Mwanao,
Happy


Kalenga, Iringa
2 Juni 2024

Happy,

Sisi wazima. Mbuzi ni wazima.

Bwana Obeid alikuja Jumamosi tarehe kumi na nane mwezi uliopita. Tulimpikia. Alitembea bustani zote saba, akashika udongo, akanusa, akasema hajaona kitu kama hiki. Kisha tukakaa chini ya paa la kigango, akatoa ripoti yako, ina jalada la bluu na jina lako kamili. Akasema, "Akina mama, nawapongeza kwa ukweli wenu, ila kuna mmoja hapa amekiri alipuliza. Mimi wateja wangu siwezi kuwadanganya. Huyo mmoja tukubaliane naye, wengine tuendelee."

Wakamuuliza ni nani. Akasema hajui, hakuna majina, kuna namba tu. Akafungua, akasoma: mkulima namba nne, mjane, miaka hamsini na mbili, watoto sita, nyanya kando ya mto.

Mwanangu, tuko wanawake saba. Mjane ni mmoja. Ulidhani unamficha mtu nyuma ya namba kisha ukaandika kila kitu ambacho hata mtoto wa chekechea wa Kalenga angekitambua.

Benedicta alisema hajawahi kupuliza. Hakuna aliyemsikiliza. Mmoja akasema ndiyo maana nyanya zake zilikuwa nzuri mwaka ule, mwingine akasema mjane ana shida nyingi, tumwelewe, na huyo aliyejifanya kumwelewa ndiye aliyemmaliza. Wakapiga kura hapohapo mbele ya mgeni. Benedicta ametolewa kwenye kikundi, na ametolewa kwenye mgowe. Alikunja kanga yake akaondoka. Hakuja kwangu jioni, na kesho yake hakuja, na mpaka leo hajaja.

Jibu moja tu nalitaka kwako, na usinizungushe. Karatasi namba nne niliiandika kwa mkono wangu na niliandika hapana. Karatasi namba moja niliandika ndiyo. Jibu langu limefikaje kwake?

Veneranda


Soweto, Mbeya
25 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu haujambo. Mama amerudi kutoka Tukuyu na yuko kwa mama mdogo Uyole, anakusalimu sana. Hapa baridi imeanza na watu wote wa nyumba wana kikohozi. Nimefaulu utafiti. Mwalimu alisema ni kazi bora kwenye darasa. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, lakini barua yako ilinikuta kabla sijaandika.

Nimeisoma mara nyingi. Nitajibu.

Ni mimi niliyehamisha. Nilikuwa nimekaa na karatasi zote mbele yangu, na Obeid alikuwa amekwisha kuniambia kwamba jambo la kwanza atakaloangalia ni mwenyekiti. Mwenyekiti akiwa na doa, alisema, kikundi kizima kina doa. Na namba moja, Shangazi, mwenyekiti, mwanzilishi, miaka hamsini na tatu, ni nani asiyeona ni wewe? Nilikuona umesimama mbele ya watu wakikunyooshea kidole, baada ya yote uliyonifanyia tangu baba afariki. Jibu la ndiyo nisingeweza kulifuta, mwalimu alikuwa ameziona karatasi na kuhesabu majibu. Ilibidi liwepo mahali. Nikabadilisha jibu la namba moja na la namba nne kwenye swali hilo.

Unaweza kuniuliza kwa nini nne. Sikufikiria. Nilichukua tu. Nilidhani ni namba.

Najua unataka nirekebishe. Siwezi. Ripoti imeshapokelewa. Nikisema leo kwamba nilibadilisha jibu, cheti changu kinakwenda na maji. Na kuna jingine ambalo sijakuambia. Obeid ameniajiri, naanza kazi mwezi wa saba. Ni mimi nitakayepokea mboga zenu kila wiki. Nilifikiri ungefurahi.

Samahani kwa Mama Benedicta. Kweli samahani. Lakini niruhusu niseme neno moja ambalo mtoto hapaswi kumwambia shangazi yake. Wewe ulikuwepo pale. Karatasi yake uliiandika wewe. Obeid aliposoma, ulijua palepale kwamba si kweli. Katika barua yako umeeleza alichosema Obeid, alichosema Mama Benedicta, walichosema wale wengine. Sijaona mahali ulipoandika ulichosema wewe.

Mwanao,
Happy


Soweto, Mbeya
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Yotamu ananiapia kwamba barua yangu ya Juni alimkabidhi Ezekia mkononi, na Ezekia anaapa kwamba alikukabidhi wewe. Nimepiga simu mara nne. Mara zote amepokea mtu anayenunua sukari.

Mboga zinafika kila Alhamisi, nzuri sana, na kila tenga lina jina la mwenyewe. Tenga lako nalifungua mimi kwa mikono yangu. Natoa kila fungu, nikitafuta karatasi chini. Hakuna kitu.

Kama nimekuudhi kwa maneno ya mwisho, nayafuta. Kama ni yale mengine, niambie nifanye nini, isipokuwa lile ambalo siwezi.

Mama anauliza mbona siku hizi sisomi barua zako kwa sauti. Nimemwambia uko kwenye mavuno.

Happy


Kalenga, Iringa
29 Septemba 2024

Happy,

Kamwene. Sisi ni wazima. Yule mbuzi mchechemeaji amekufa, mwingine amekua. Mahindi tumevuna, si haba. Barua zako zote mbili nilizipata siku zilipofika. Ezekia kwa mara hii moja alisema kweli.

Nilikuwa nimekasirika mpaka kalamu haishikiki. Nilikuambia neno ambalo sijalisema hata kwa padre, nikakuambia liache lilivyo, nawe ukalichukua ukalibandika kwa mwenzangu. Sikukuomba unifiche, Happy. Nilikuomba ulitunze. Umenisaliti, nalisema wazi ili usije ukajidanganya kwamba shangazi anajua ulifanya kwa upendo. Najua ulifanya kwa upendo. Nimesalitiwa vilevile. Na uliposema ulichukua namba nne bila kufikiria, hapo ndipo ulipoongopa. Ulifikiria. Ulitafuta katika saba yule ambaye kama akiumia hutaumia naye. Si ndugu yako, ni mwanamke wa magimbi tu.

Hasira hiyo ningekuandikia Julai. Kilichonizuia ni lile swali lako, kwamba mimi nilisema nini.

Basi nakujibu. Obeid alipomaliza kusoma, na watu wote wakamgeukia Benedicta, yeye hakuwatazama wao. Alinigeukia mimi. Akasema, "Mwenyekiti, si wewe ulinisomea hiyo karatasi? Waambie nilijibu nini."

Hilo sikukuandikia mara ya kwanza. Nilijiambia nafasi ya kuliandika haikutosha.

Ningesema alijibu hapana, wangeuliza, basi ndiyo ni ya nani? Nilikuwa tangu asubuhi nimejiandaa kusikia namba moja. Niliposikia namba nne nilipumua. Mungu anisamehe, nilishukuru kabla sijaelewa. Na yeye bado ananitazama. Nikasema, "Karatasi zilikuwa nyingi, Benedicta. Sikumbuki."

Karatasi zilikuwa saba.

Baada ya hapo nilimwona kila siku ng'ambo ya mpaka wetu usio na uzio, akilima peke yake. Mgowe ulipokuwa kwangu, wanawake sita tulikuwa tumeinama tukiimba, na yeye hatua ishirini kutoka hapo, peke yake, magugu yakiwa magotini. Hakunigeuzia uso wala kisogo. Aliendelea tu na jembe. Mwezi wa saba aliacha vitunguu, mwezi wa nane akaacha karoti, akabaki na kipande kidogo cha nyanya.

Wiki mbili zilizopita nikasimama kwenye kikao. Nilisema yote. Bomba la kukodi, mazishi ya Tosamaganga, mguu wa uongo, karatasi yangu, na ile "sikumbuki". Jina lako sikulificha. Nilisema, mtoto wa kaka yangu alibadilisha majibu ili anikinge, na mimi nikakubali kukingwa. Nilikuwa nimefunga kanga kiunoni tayari kuondoka. Nilijua nikimaliza kusema wataniinua na kunitoa kama walivyomtoa yeye.

Unajua walifanya nini? Walinipigia makofi. Mmoja alilia. Wakasema mwenyekiti ana moyo, nani mwingine angesema? Nikawaambia nipigieni kura kama mlivyompigia Benedicta. Wakasema haina haja, msimu mmoja tu, na kanitangaze wa mwaka ule alimshinda kila mtu. Katibu alimpigia Obeid simu, na Obeid akasema kosa moja la zamani halina neno, mradi limesemwa. Aliongeza kwamba tuwe waangalifu tusilirudie. Basi. Mambo yakaishia hapo, uji ukagawiwa. Jambo nililolificha mwaka mzima, ulilolificha wewe kwa kuharibu jina la mtu, lilikuwa linasameheka kabla kikombe hakijapoa. Sijawahi kuona aibu kama ya makofi yale.

Kama Obeid amekuuliza habari ya majibu uliyobadilisha, mjibu mwenyewe. Kama hajakuuliza, atakuuliza. Cheti chako sikijui wala sikiombei mabaya. Lakini usiniandikie tena kwamba huwezi.

Wakatuma wawili kwenda kumwita Benedicta arudi. Walirudi wenyewe. Wakasema yuko anafunga mizigo, anahamia Ubaruku kwa Jackline, na bustani amempangisha mtu wa Ilula anayelima nyanya. Huyo anapuliza, tena kila wiki.

Nilikwenda asubuhi ya siku aliyoondoka. Pikapu ilikuwa uani, magunia, vyungu, kuku wamefungwa miguu. Nikasema, "Benedicta, kamwene." Akaitikia. Sikutegemea ataitikia. Nikamwambia nimesema kila kitu kwenye kikao, kwamba ni mimi. Akasema, "Nimesikia. Wamekuja kunihadithia, wamefurahi sana na wewe."

Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilishindwa, mdomo ulikuwa mzito, ningewezaje kusema ni mimi mbele ya mgeni, mbele ya wote, siku ile?

Akaweka chini chungu alichokuwa ameshika. Akanitazama vilevile kama alivyonitazama kigangoni. Akasema, "Veneranda, mimi siku ile sikukuomba useme ni wewe. Ningejuaje kama ni wewe? Nilikuomba useme si mimi."

Kisha akainama kunyanyua gunia la mwisho. Lilikuwa zito, nikashika upande mmoja, hakunikataza. Tulilipandisha pamoja. Akaingia mbele kwa dereva, gari likaondoka, na mimi nikabaki uani kwake mpaka yule mtu wa Ilula alipofika na bomba lake mgongoni, akaniuliza mama unamtafuta nani.

Shangazi yako,
Veneranda